Wimbo Upi Unastahili Kuhakikiwa? Uteuzi wa Matini za Nyimbo katika Ufundishaji wa Kiswahili Jijini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanajadili swali linalotangulia kila uhakiki wa wimbo, lakini ambalo mara nyingi hupitwa bila kujibiwa: wimbo upi uteuliwe, na kwa kigezo gani? Nchini Uganda, ambako Kiswahili kinaingia madarasani kwa nguvu ya sera, wimbo huteuliwa zaidi kwa ujumbe wake, yaani kwa fundisho linaloweza kuelezwa upya kwa sentensi moja. Tunadai kwamba kigezo hicho hukifanya Kiswahili kionekane lugha ya matangazo na wala si lugha ya fikra. Tunapendekeza vigezo vitatu mbadala na kuvijaribu kwa wimbo "Malaika", tukiulinganisha na nyimbo nyingine zinazosikika Afrika Mashariki. Mwishoni tunaonyesha namna vigezo hivyo vinavyowahusu waandaaji wa mitaala, wachapishaji na watahini.

1.0 Utangulizi

Hali ya Kiswahili nchini Uganda imebadilika kisheria kwa kasi kuliko ilivyobadilika madarasani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika kwa namna Bunge litakavyoelekeza. Mtaala mpya wa kidato cha chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo ya sekondari. Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji wa agizo la wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili, likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka uliofuata, Kampala iliyapokea maadhimisho ya Jumuiya ya Siku ya Kiswahili Duniani.

Katika mazingira haya, wimbo ni matini ya pekee. Mwanafunzi wa Kampala hukutana na Kiswahili cha wimbo kabla ya kukutana na Kiswahili cha riwaya. Hukisikia katika taksi, saluni, harusini na kwenye simu ya jirani. Kwa hiyo haishangazi kwamba walimu na wakufunzi hupenda kazi ya aina hii: teua wimbo wa Kiswahili wenye maana, kisha uhakiki maneno yake. Ni kazi nzuri. Inampa mwanafunzi uhuru wa kuchagua, na inamruhusu aanze na kile anachokipenda.

Tatizo limo katika maneno mawili ya maagizo hayo: "wenye maana". Wanafunzi wengi, na baadhi ya wasahihishaji, huyasoma kama "wenye mafunzo". Huo ni upotoshaji mdogo wenye matokeo makubwa. Mwanafunzi atautafuta wimbo unaohimiza elimu, unaokemea ulevi, unaoonya dhidi ya UKIMWI au unaosifu umoja. Atayanakili maneno yake, atataja dhamira, atataja ujumbe, ataorodhesha tamathali tatu za usemi, na atamaliza. Kazi itakuwa safi. Ila swali moja halitakuwa limeulizwa: je, wimbo huo umesema nini ambacho muhtasari wake haukukisema?

2.0 Maana si mafunzo

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kugawa kazi katika fani na maudhui. Mgawanyo huo una manufaa ya kufundishia, na hatuna nia ya kuutupa. Lakini darasani hugeuka kwa urahisi kuwa ganda na kiini: maneno ni ganda la kumenywa, ujumbe ni kiini cha kuliwa. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo huamini kwamba amekwisha kuuelewa wimbo pindi anapoweza kuusahau na kubaki na fundisho lake. Kwa mtazamo huo, bango la zahanati ni wimbo bora kuliko nyimbo zote, kwa kuwa halina ganda.

Tofauti tunayoitaka inaonekana vizuri katika mfano wa wasanii wawili walioimba kuhusu UKIMWI. Mwaka 1989, Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba ana virusi. Wimbo wake "Alone and Frightened", alioimba kwa Kiingereza, uliwagusa Waganda wengi, na yeye akafariki Desemba mwaka huohuo. Hakuna anayeweza kutilia shaka uzito wa wimbo huo. Hata hivyo, uzito wake mkubwa umo katika tendo: mtu mashuhuri anasimama mbele ya watu na mwili unaodhoofika, anasema jambo ambalo wengine walilificha. Ukiyatenga maneno na tendo hilo, sehemu kubwa ya maana hubaki nje ya karatasi.

Remmy Ongala, mzaliwa wa mashariki ya Kongo aliyefanya kazi yake kubwa jijini Dar es Salaam, naye aliimba kuhusu ugonjwa huohuo katika "Mambo kwa Soksi". Hapa maana imo katika neno. "Soksi" ni vazi la mguuni ambalo kila mtoto analijua, na hapa ni kondomu. Uteuzi wa neno hilo unafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Unaficha jambo la aibu, unalifichua kwa kicheko, na unalishusha hadi kwenye kabati la nguo za kila siku ambako hakuna sababu ya kuliogopa. Wimbo huo ulikataliwa redioni licha ya kwamba haukutamka tusi hata moja. Neno "soksi" lilitosha kuzua mgogoro. Badilisha neno hilo uweke jina la kitabibu, ujumbe utabaki uleule na wimbo utakufa.

Kama kazi ni kuhakiki historia ya mapambano dhidi ya UKIMWI, Lutaaya ndiye wa kwanza kuteuliwa. Kama kazi ni kuhakiki maneno ya wimbo, Ongala ndiye atakayemfundisha mwanafunzi zaidi. Nyimbo zote mbili zina maana, ila makazi ya maana hizo hayafanani. Mteuzi asiyetofautisha makazi hayo atampa mwanafunzi wimbo mkubwa na kazi ndogo.

3.0 Vigezo vitatu

Kutokana na hoja hiyo, tunapendekeza wimbo upimwe kwa vigezo vitatu kabla ya kuingizwa darasani.

Kwanza, kigezo cha muhtasari. Fupisha wimbo kwa sentensi mbili. Ikiwa msikilizaji aliyesoma sentensi hizo hana sababu ya kuusikiliza wimbo wenyewe, isipokuwa kwa ajili ya mdundo, wimbo huo haufai kuwa matini ya uhakiki wa maneno. Unaweza kufaa kwa mazoezi ya matamshi au msamiati, na hilo ni jambo jema, ila tuliite kwa jina lake.

Pili, kigezo cha ubadilishaji. Ondoa neno moja, au kiambishi kimoja, uweke kingine chenye maana ya karibu. Ikiwa maana ya wimbo mzima inatikisika, basi lugha inafanya kazi humo. Kigezo hiki kina faida ya ziada kwa mwanafunzi anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu: kinaiunganisha sarufi na fasihi. Kiambishi ambacho jana kilikuwa mzigo wa kukariri, leo kinabeba hatima ya mtu.

Tatu, kigezo cha mahali. Je, wimbo unamuuliza swali msikilizaji wa Kampala, au unamwacha nje ya mlango akiwatazama watu wa pwani wakizungumza wenyewe kwa wenyewe? Hatudai kwamba wimbo lazima uwe umetungwa Uganda. Tunadai kwamba lazima pawepo na mlango.

Vigezo hivi si vya kuwapanga watunzi kwa ubora. Wimbo unaoshindwa vyote vitatu unaweza kuwa wimbo wa kupendeza sana kuucheza. Tunachopima ni kufaa kwake kwa kazi moja tu, yaani kuhakikiwa kwa maneno yake.

4.0 Nyimbo za hadhara: Wimbo wa Jumuiya na "Jambo Bwana"

Nyimbo mbili huja haraka akilini pale Kiswahili kinapohitaji kuwakilishwa. Ya kwanza ni Wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliopitishwa mwaka 2010, ambao huimbwa kwa Kiswahili katika nchi wanachama. Ni dua na kiapo kwa pamoja: unamwomba Mungu ailinde Jumuiya, unahimiza uzalendo, umoja na bidii ya kazi. Kwa kigezo cha muhtasari, wimbo huu haupiti, na haupaswi kupita. Wimbo wa taifa au wa Jumuiya hutungwa ili kila raia aukubali bila kubishana, na utata wa maana ungekuwa kasoro humo. Mwanafunzi aujue kwa moyo na kuusimamia kwa heshima. Lakini ukipewa kazi ya kuwa mfano wake wa kwanza wa uhakiki, atajifunza kwamba Kiswahili ni lugha ambayo ndani yake watu wote wamekwisha kukubaliana.

Wa pili ni "Jambo Bwana" wa kundi la Them Mushrooms la Kenya, uliotoka mwaka 1982 na kuenea duniani kote kupitia hoteli za pwani na wasanii wa nje. Ni salamu kwa mgeni: anakaribishwa, anahakikishiwa kwamba nchi haina tatizo. Mhakiki makini anaweza kuuliza swali moja zuri hapa: kwa nini "jambo" limesimama peke yake, bila viambishi vya "hujambo" na "sijambo" ambavyo wenyeji hutumia? Jibu linatupeleka kwa mlengwa. Hiki ni Kiswahili kilichorahisishwa kwa hisani ya mtu anayepita. Swali hilo likishajibiwa, wimbo hauna lingine la kuuliza. Jambo la kuangaliwa zaidi ni nafasi anayopewa mwanafunzi wa Uganda: katika wimbo huo, yeye ni mwenyeji au ni mtalii? Akiwa hana jibu, kigezo cha tatu kimekosekana.

Athari ya kutegemea nyimbo za aina hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kiswahili nchini Uganda kinabeba kumbukumbu nzito. Kilihusishwa na kambi za jeshi, na mwaka 1973 kilitangazwa lugha ya taifa chini ya utawala wa Idi Amin. Kwa familia nyingi ilikuwa lugha ya amri. Tukiiondoa amri tukaweka kiapo na salamu ya hoteli, tutakuwa tumebadilisha sauti tu. Bado mwanafunzi hatakuwa ameisikia lugha hii ikisita, ikitamani, ikibembeleza au ikijipinga.

5.0 "Malaika" kama kipimo

Tumeteua "Malaika" kwa sababu unadhaniwa kuwa umechakaa. Ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukapelekwa duniani na Miriam Makeba, na baadaye ukaimbwa na wengi, wakiwamo Boney M na Angélique Kidjo. Muhtasari wake ni mfupi: kijana anampenda msichana, hana uwezo wa kumwoa. Kwa mhakiki wa mafunzo, hapa kuna dhamira ya mapenzi na ujumbe kwamba umaskini ni kikwazo. Kazi imekwisha. Kwa vigezo vyetu, kazi ndiyo kwanza inaanza.

5.1 Kuithibitisha matini

Hatua ya kwanza ni kujua maneno yenyewe ni yapi. Utunzi wa wimbo huu umegombaniwa kwa muda mrefu. Adam Salim wa Tanzania ni miongoni mwa waliodai kuwa watunzi wake. Maneno nayo hutofautiana kutoka nakala moja hadi nyingine. Mfano bora ni kitenzi kinachoambatana na "kidege". Baadhi ya nakala huandika "nakuwaza", nyingine "hukuwaza". Umbo la kwanza halina utata: mimi nakufikiria sasa. Umbo la pili lina milango miwili. Kama "hu-" ni kiambishi cha mazoea na "-ku-" ni yambwa, basi nafsineni anasema kwamba humfikiria mpenzi wake daima. Kama "hu-" ni kikanushi cha nafsi ya pili na "-ku-" ni alama ya wakati uliopita, basi anamlaumu: wewe hukufikiri. Muktadha unaelekea maana ya kwanza. Hata hivyo, mwanafunzi anayelazimika kuitetea maana hiyo kwa hoja, badala ya kuipokea kwa mwalimu, ameshafanya uhakiki, na amefundishwa viambishi vya "hu-" viwili kwa saa moja.

Neno "kidege" lenyewe linahitaji jicho. Kiambishi "ki-" cha udogishi kinaweza kubeba upendo au dharau. Mwanafunzi anayezungumza Kiganda analijua jambo hili tayari: "akanyonyi" ni ndege mdogo, na kiambishi hichohicho cha "ka-" kinaweza kumbembeleza mtoto au kumdunisha mtu mzima. Hapa lugha ya nyumbani inakuwa msaada wa kuielewa lugha ya shule.

5.2 Kiambishi kinachobeba tumaini

Kitenzi kikuu cha wimbo ni "ningekuoa". Tufanye ubadilishaji. Tukiweka "nitakuoa", wimbo unakuwa ahadi. Tukiweka "ningalikuoa", kwa mujibu wa sarufi ya kimapokeo, mlango umefungwa: nafasi ilikuwapo, imepita. Kiambishi "-nge-" kinauacha mlango wazi kidogo. Sharti halijatimia, lakini halijawa muhali. Ni kweli kwamba wazungumzaji wengi siku hizi huchanganya "-nge-" na "-ngali-", na mwanafunzi aelezwe hivyo. Pamoja na hayo, uchungu wa wimbo huu umejengwa juu ya kutokufungwa kwa jambo. Kijana hasemi kwamba amemkosa mpenzi wake. Anasema kwamba yuko katikati. Wimbo mzima umekaa ndani ya silabi moja.

Kuna jambo jingine katika kitenzi hichohicho. Katika Kiswahili, mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Makeba na Kidjo, wote wanawake, waliuimba wimbo huu bila kuigeuza kauli ya kutenda kuwa ya kutendwa. Je, waliazima tu sauti ya mwanamume, kama mwimbaji anavyoweza kuingia katika nafsi yoyote? Au kusikika kwa "ningekuoa" katika kinywa cha mwanamke kunafungua maana ambayo mtunzi hakuifikiria? Kiganda nacho hutenganisha: mwanamume hufanya "okuwasa", mwanamke hupatwa na "okufumbirwa". Darasa la Kampala halihitaji kuelezwa kwa kirefu kwa nini swali hili ni zito.

5.3 Mali na pesa

Wimbo unatumia maneno mawili kwa kile ambacho kijana hana: "pesa" na "mali". Si visawe. Pesa ni fedha ya mkononi, hupatikana leo na kuisha kesho. Mali ni kile kinachompa mtu hadhi mbele ya ukoo: mifugo, shamba, nyumba. Pesa zinamsumbua, kukosa mali kunamshinda. Kijana yuko kati ya uchumi wa aina mbili, ule wa wazee na ule wa mshahara, na hana kitu katika wowote.

Kisha neno "mali" linarudi katika nafasi isiyotarajiwa: linakuwa jina la kumwitia mpenzi, likisimama karibu na "malaika" na "dada". Wimbo hautoi maelezo. Katika usomaji mmoja, hili ni sifa: wewe ndiwe utajiri wangu. Katika usomaji mwingine, kijana ametekwa na lugha ya wale wanaomzuia. Analalamika kukosa mali ili ampate mtu ambaye naye amemwita mali. Majina hayo matatu yanaonyesha njia tatu za kumwona mwanamke: kiumbe wa mbinguni, kitu cha thamani, ndugu. Wimbo unayataja yote na hauchagui. Na mwanamke mwenyewe hajibu. Hapewi hata ubeti mmoja.

5.4 Mlango wa Kampala

Neno "mahari" halimo katika wimbo, lakini hakuna msikilizaji wa Afrika Mashariki anayeshindwa kulisikia. Nchini Uganda neno hilo lina historia ya karibuni mahakamani. Katika kesi iliyofunguliwa na shirika la MIFUMI lenye makao Tororo, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 6 Agosti 2015 kwamba desturi ya kutoa mahari haikiuki Katiba kwa yenyewe, ila kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Hoja mojawapo iliyozunguka kesi hiyo ni ileile ambayo wimbo unaiacha wazi: je, mahari ni heshima, au inamfanya mwanamke kuwa mali?

Kijana wa Kampala anayeijua sherehe ya "okwanjula" pamoja na gharama zake hahitaji kuelezwa muktadha wa "Malaika". Anauishi. Wimbo uliotungwa kabla ya wazazi wake kuzaliwa unamuuliza jambo ambalo mahakama ya nchi yake imelijibu nusu tu. Hapo ndipo tunapoona mlango tuliouzungumzia katika kigezo cha tatu. Inafaa kuongeza kwamba mlango huo haukufunguliwa na ujumbe wa wimbo, bali na neno moja lililotumiwa mara mbili.

6.0 Pingamizi: nyimbo za ndimi mchanganyiko

Msomaji anaweza kusema kwamba tumeteua wimbo wa kale, ilhali mwanafunzi anasikiliza nyimbo za leo. Pingamizi hilo ni la haki, nalo linatufikisha kwenye kundi ambalo wateuzi wengi hulikwepa: nyimbo za wasanii wa Uganda wanaochanganya Kiswahili na Kiganda. Jose Chameleone, ambaye sehemu ya kazi zake za mwanzo ilifanyika Nairobi, ndiye mfano ulio dhahiri zaidi. Majina ya kazi zake pekee yanatosha kuonyesha kwamba Kiswahili kimekuwa na makazi katika muziki wa Kampala kwa miaka zaidi ya ishirini bila kusubiri waraka wa serikali: "Mambo Bado", "Kipepeo", "Shida za Dunia", "Sivyo Ndivyo", "Badilisha".

Nyimbo za aina hii hukataliwa kwa hoja kwamba si Kiswahili sanifu. Hoja hiyo ina uzito pale zinapotumiwa kama kielelezo cha sarufi. Haina uzito pale zinapotumiwa kama matini ya uhakiki. Tuchukue jina "Mambo Bado" peke yake. Halina kitenzi. "Bado" linadokeza kwamba kuna kitu hakijatokea, bila kusema ni kipi. Linaweza kuwa tumaini (mazuri yanakuja), onyo (mabaya hayajaisha) au majigambo (hamjaniona vizuri). Ukiongeza kitenzi chochote, maana mbili kati ya hizo tatu zinapotea. Jina la maneno mawili limepita kigezo cha ubadilishaji kwa urahisi kuliko mashairi mengi yenye beti kumi.

Swali la pili ni la mpaka kati ya lugha. Mwimbaji anapohama kutoka Kiswahili kwenda Kiganda ndani ya wimbo mmoja, anahama kwa sababu ya vina, kwa sababu ya hadhira, au kwa sababu jambo fulani haliwezi kusemwa kwa lugha ya kwanza? Hilo ni swali la uhakiki, na mwanafunzi wa Kampala ana ujuzi wa kulijibu kuliko mwenzake wa Zanzibar. Kwa mara moja, yeye ndiye mjuzi. Sera inayomtaka akipende Kiswahili haiwezi kudharau nafasi hiyo.

Hata hivyo, hatupendekezi nyimbo hizi zichukue nafasi yote. Mwanafunzi anayekutana na Kiswahili katika vipande tu hatapata nyenzo ya kuvipima vipande hivyo. Wimbo wa ndimi mchanganyiko husomwa vizuri na mtu aliyekwisha kuiona "-nge-" ikifanya kazi mahali pengine. Ndiyo maana tunapendekeza viwili hivi viwekwe bega kwa bega.

7.0 Athari kwa sera na utekelezaji

Mapendekezo manne yanafuata.

Moja, waandaaji wa mitaala watoe orodha ya maswali kabla ya orodha ya nyimbo. Orodha ya nyimbo huzeeka haraka, na huwafanya walimu watafute majibu yaliyokwisha kuandikwa. Vigezo vitatu tulivyovieleza vinaweza kuwekwa katika ukurasa mmoja wa mwongozo wa mwalimu na kutumika kwa wimbo wowote utakaotoka kesho.

Mbili, unukuzi uwe sehemu ya somo. Wanafunzi wasikilize rekodi mbili za wimbo mmoja na kuandika wanachosikia, kisha wajadili tofauti. Simu ya mwalimu na spika ndogo zinatosha. Zoezi hili pia linapunguza tatizo la haki miliki. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Shiriki ya mwaka 2006 inawalinda watunzi, na mchapishaji anayetaka kuyachapa maneno ya wimbo wote kitabuni anapaswa kutafuta ruhusa. Kwa wimbo ambao utunzi wake unagombaniwa, hata kumjua wa kumwomba ni kazi. Kitabu kinaweza kuchapa maswali, na darasa likayatafuta maneno kwa masikio.

Tatu, katika kazi za kuhakiki wimbo, sehemu ya alama itolewe kwa utetezi wa uteuzi. Mwanafunzi aeleze kwa aya moja kwa nini ameteua wimbo huo na akaacha mwingine aliokuwa ameufikiria. Aya hiyo itamfunulia mtahini mengi kuliko orodha ya tamathali, na ni vigumu kuinakili kwa mwenzake.

Nne, mafunzo ya walimu yaurudishe uzito ambao Kampala iliwahi kuupa wimbo. Okot p'Bitek, aliyewahi kuongoza Kituo cha Utamaduni cha Taifa jijini humo, aliutumia wimbo kama chombo cha hoja katika "Song of Lawino" ya mwaka 1966, ambayo Paul Sozigwa aliitafsiri kwa Kiswahili kuwa "Wimbo wa Lawino". Katika "Horn of My Love" ya mwaka 1974, alizikusanya nyimbo za Waacholi na kuzichukulia kama fasihi kamili. Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda anayeufundisha wimbo kwa makini yumo ndani ya urithi wa nyumbani, hakuazima desturi ya pwani.

8.0 Hitimisho

Uteuzi wa wimbo huonekana kama hatua ndogo ya maandalizi, na kwa sababu hiyo huachiwa mazoea. Tumejaribu kuonyesha kwamba hapo ndipo uhakiki unapofaulu au kushindwa. Wimbo uliochaguliwa kwa fundisho lake humpa mwanafunzi jibu kabla hajauliza. Wimbo uliochaguliwa kwa namna unavyoitumia lugha humlazimu asikilize kiambishi, apime neno, na aitetee maana yake mbele ya wenzake. Kwa nchi ambayo imekipa Kiswahili hadhi katika sheria na sasa inakitafutia nafasi katika mioyo ya vijana, tofauti hiyo haiwezi kuachwa ijiamue yenyewe. Vijana wa Kampala tayari wanaimba kwa Kiswahili. Kilichobaki ni kuwapa nyimbo, na maswali, vitakavyowafanya wabishane kwa Kiswahili kuhusu kile wanachokiimba.